Shanta la Jenifer Lafika Kigamboni

Kwa miaka kumi na tisa Jenifer alipanda Mlima Rungwe akiwa na mali za watu mgongoni. Wageni walitangulia na fimbo zao nyepesi na chupa zao za maji, yeye akafuata na shanta lililojaa sufuria, mahema, mablanketi, na vitu ambavyo mtu mwenye akili timamu hawezi kuvipeleka mlimani: vitabu vinene, viatu jozi tatu, na safari moja hata pasi ya nguo. Hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na akishuka jioni alikwenda moja kwa moja kupalilia migomba yake kule Mpuguso kana kwamba ametoka kanisani.

Jambo moja tu lilimkereketa. Wale wageni vijana, wale wasio na fedha nyingi, walikuwa wakizunguka dunia na shanta moja tu. Walilala kwenye hema, walijipikia, walipanda magari ya bei ya chini, na bado walikuwa na nyuso za watu waliotoka kula Krismasi. Jenifer aliwasikiliza wakisimulia kando ya moto, akajiuliza kwa nini yeye, anayebeba shanta kila wiki, hajawahi kubeba la kwake. Mwaka jana msichana mmoja alipomaliza likizo alimwachia shanta kuukuu na hema lililochanika. Jenifer alilitia hema kiraka cha aproni ya plastiki ya kuchumia chai, akalitundika shanta ukutani, akasema sasa basi. Atakwenda Dar es Salaam, apige kambi ufukweni Kigamboni siku saba, kama wao.

Hapo ndipo ukoo ulipoamka.

Jenifer alikuwa mjane wa miaka minane. Nyumba aliyokaa na migomba aliyoilima vilikuwa vya marehemu mumewe, na shemeji yake, Amoni, alikuwa ameitolea macho migomba ile tangu udongo wa kaburi haujakauka. Alikuwa akingoja sababu tu. Aliposikia habari za Kigamboni aliitisha kikao nyumbani kwake siku hiyohiyo, na sauti yake ilisikika mpaka barabarani.

"Mjane! Peke yake! Kwenye hema! Ufukweni! Dar es Salaam!" alisema, kila neno akiligongea meza. "Akienda, asidhani atarudi kuikuta ile migomba. Tutaigawa."

Jenifer aliyasikia yote hayo akiwa nje, chini ya dirisha. Hakuwa ndani kwa sababu ndani alikuwemo baba mkwe wake, Mzee Ambindwile. Na hapa lazima tuelewane kidogo, maana bila hili hadithi yote haina miguu.

Kwa Wanyakyusa, mwanamke humwogopa baba wa mumewe. Si hofu ya kuchapwa, ni heshima, na wazee wanaiita ukutila. Mwanamke hamtazami mkwewe usoni, hakai naye chumba kimoja, hali naye, hamgusi, na jina lake halitamki hata akiwa peke yake shambani. Wakikutana njiani, mwanamke huacha njia, huingia majanini na kumpa mgongo mpaka apite. Siku hizi wengi wameacha, hasa mjini Tukuyu ambako nyumba zimebanana na majani ya kuingia hayapo. Mzee Ambindwile hakuacha, na Jenifer naye hakuacha. Miaka ishirini na minne waliishi kiwanja kimoja. Alimpikia, alimfulia, alimsindikiza hospitali akitembea hatua kumi nyuma yake, na hakuna kati yao aliyejua mwenzake ana sura gani akicheka. Maneno yao yalipitia kwa Elina, binti yake Jenifer. Elina alipokwenda shule ya bweni, wakabaki kukohoa. Kikohozi kimoja ni chakula tayari, viwili ni kuna mgeni.

Basi ndani ya kikao Mzee Ambindwile alikohoa, lakini safari hii akaendelea.

"Mwambieni mama huyo," alisema, akiutazama ukuta, "kwamba shanta lile ni kubwa. Suruali zangu mbili zitaenea."

Watu wakatazamana. "Baba, unasemaje?" Amoni akauliza.

"Nasema bahari sijaiona. Nina miaka sabini na sita, mnataka niione lini? Umesema mjane haendi peke yake. Vizuri. Haendi peke yake."

Huwezi kumkatalia baba yako mbele ya ukoo, na Amoni alilijua hilo. Alichoweza ni kuweka sharti, na aliliweka kwa sauti ya kusikika dirishani. "Sawa. Lakini baba akirudi na hata mafua, au nikisikia lolote limempata huko, migomba naigawa siku hiyohiyo." Wajomba wakatikisa vichwa kukubali. Mzee mwenyewe alikuwa anamuuliza jirani yake kama maji ya bahari ni ya baridi.

Nje, chini ya dirisha, Jenifer alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Alikuwa amepata safari. Na alikuwa amepata mwenzake wa safari ambaye haruhusiwi kumtazama, na ambaye akipiga chafya tu, yeye hana pa kurudi.

Walipanda gari moshi la TAZARA pale Mbeya, daraja la tatu. Viti vya daraja la tatu vinatazamana, kwa hiyo Jenifer alimkalisha mzee dirishani, yeye akaenda kukaa kiti kilichopeana mgongo na cha mzee, na shanta likawekwa juu, katikati yao. Walikaa kimya hivyo kutoka Mbeya hadi Makambako. Njaa ndiyo iliyovunja ukimya.

"Wewe shanta," mzee akasema akiangalia juu, "hapa kuna mtu ana njaa."

Jenifer aliganda. Kisha naye akainua uso. "Shanta, mwambie mwenye njaa kwamba ndizi za kuchoma ziko mfuko wa pembeni, na parachichi limeiva."

Mzee akasimama, akatoa, akala. Baada ya kitambo akasema, "Shanta, ndaga, asante. Ndizi zimeiva vizuri." Mama mmoja aliyekuwa amekaa karibu naye alichukua kikapu chake akahamia behewa jingine, na sidhani kama tunaweza kumlaumu. Kufika Mlimba, shanta lile lilikuwa limeshapitisha maneno mengi kuliko Elina alivyopitisha utoto wake wote. Mzee aliliuliza kama migomba huko juu imepata mbolea. Alilisimulia alivyoanguka kwenye mkutano wa injili akiwa kijana. Jenifer alicheka mpaka akauma khanga.

Kivukoni mambo yalikuwa magumu zaidi. Kwenye pantoni la kwenda Kigamboni hakuna njia ya kuacha wala majani ya kuingia. Watu walimsukuma Jenifer mpaka akawa nusu hatua kutoka bega la mkwewe, ikabidi ajifunike khanga na kugeukia magurudumu ya lori. Hakuuona mlango wa bandari. Aliusikia tu mzee akiuliza kwa nguvu, juu ya ngurumo ya injini, "Shanta! Zile kule ni nyumba au ni meli?" Zilikuwa meli, zimerundikwa makontena, na nyuma yake winchi zimeinama juu ya gati. Kijana mmoja akamjibu kwa niaba ya shanta.

Walifikia kwa Mwanahalima. Huyu alizaliwa Bulyaga, pale Tukuyu, baba yake akiuza vitambaa, akaolewa Kigamboni na kubakia huko. Alikuwa na kiwanja kando ya bahari, mabanda mawili ya makuti, bomba moja la maji, na nafasi ya watu kusimika mahema yao. Wageni wake walikuwa vijana wa kila taifa wenye shanta kubwa na mifuko midogo. Alipomsikia mzee akisalimu "Mwagonile" kwa Kinyakyusa pale mlangoni, alitupa mwiko akaja mbio, na alipomwona Jenifer amesimama hatua kumi nyuma akiwa amegeukia ukuta, hakuhitaji kuelezwa.

"Baba atalala kwenye hema, kona ile," alisema. "Wewe mdogo wangu utalala banda la wanawake. Mna bahati mmekuja kwangu. Kwingine wangewaita polisi."

Siku zile mbili za kwanza Jenifer alikuwa na raha ambayo hakuwahi kuijua. Aliamka akiwa hana mzigo wa mtu wa kuufunga. Alipika ndizi na maharage alivyovibeba kutoka nyumbani, akawagawia wageni wa banda, nao wakaramba sahani. Kwa mara ya kwanza maishani alikaa chini bila kufanya lolote, miguu mchangani, akihesabu meli zinazongoja zamu ya kuingia bandarini. Kila saa moja jioni simu ililia. "Baba yupo?" Amoni aliuliza. "Yupo." "Anakohoa?" "Hakohoi." Kisha Amoni alikata bila kuaga.

Mzee naye alikuwa na mshangao wake. Walifika jioni, maji yakiwa karibu na ua. Asubuhi alipotoka kwenye hema maji hayakuwapo. Mchanga mtupu ulikuwa umekwenda mbali, na bahari imebaki mstari tu kule nje. "Shanta," aliuliza kwa sauti ya chini, "maji yamekwenda wapi?" Yeye aliyajua maji ya Ziwa Nyasa, kule Matema, ambayo ukiyaacha jioni unayakuta asubuhi palepale. Jenifer naye aliyajua hayohayo, kwa hiyo shanta halikuwa na jibu.

Jibu lilikuja siku ya tatu, kutoka kwa Mwanahalima, alipokuwa anajifunga buibui kwenda Feri kununua samaki. "Maji yamekupwa," alimwambia Jenifer. "Yatajaa tena, na siku hizi ni bamvua, yanajaa kwa nguvu. Mwambie baba asiende kwenye fungu lile la mchanga kule mbali. Maji hayaji mbele yako, yanaingia kwanza nyuma, kwenye lile bonde la mchanga. Ukija kustuka umeshazungukwa."

Jenifer akasema ndiyo. Sasa, hili ndilo kosa, na tusilipake rangi. Ujumbe alikuwa nao, lakini njia ya kuupitisha hakuwa nayo. Asubuhi ile alikuwa amelifua shanta, limening'inia kwenye kamba nyuma ya banda, na mzee alikuwa mbele. Elina yuko bwenini. Mwanahalima ameshaondoka. Kwenda mwenyewe kusimama mbele ya mkwe na kumwambia, hilo halikumjia hata akilini, kama vile kwako wewe lisingekujia kuingia kanisani bila nguo. Akasema moyoni, Mwanahalima akirudi atamwambia. Akakaa kumenya ndizi.

Ilikuwa kama saa saba mchana alipoinua kichwa. Mzee Ambindwile alikuwa kule nje kabisa, juu ya fungu la mbali, amelala chali, kofia usoni. Alikuwa amekwenda kuziangalia meli kwa karibu, jua likamlevya. Na katikati, kati yake na ufukwe, pale palipokuwa na mchanga mkavu asubuhi, palikuwa na maji mapana yanayokwenda mbio kama mto.

Jenifer alisimama, ndizi zikamwagika. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa la ukutila: alitafuta mtu wa kumwita mzee kwa niaba yake. Palikuwa na mgeni mmoja bandani, ana vitu masikioni, amelala. Mbali kule palikuwa na akina mama wanaoparua samaki, hawasikii. Jenifer akachukua sufuria akaigonga kwa mwiko. Upepo ulikuwa unatoka baharini, ukamrudishia kelele zake mwenyewe. Mzee hakutikisika. Maji yalikuwa yameshafika kwenye miguu yake, na bado amelala.

Akilini alimwona Amoni akigawa migomba. Ndiyo, lilimpitia hilo, na hakuna sababu ya kulificha. Kisha likampita, akabaki anamwona tu mzee yule aliyesifu ndizi zake kwa kuliambia shanta, na moyo ukamuuma kwa namna ambayo haikuwa na uhusiano wowote na shamba.

Aling'oa mti ulioegemeza kamba ya nguo. Shanta likaanguka mchangani. Akaingia majini.

Kuogelea hakujua. Lakini amevuka Mto Kiwira wakati wa masika mara ngapi akiwa na mzigo kichwani? Mpagazi havuki maji kwa kuyakabili. Huvuka kwa ubavu, mti upande yanakotoka, anauegemea, mguu mmoja unatafuta na mwingine unangoja. Jenifer alivuka hivyo. Maji yalimfika kiunoni, kisha kifuani, na mchanga ulikuwa ukichimbika chini ya visigino vyake. Katikati ya mkondo alisimama, akavuta pumzi, akaita kwa sauti yake yote ya mlimani.

"Ambindwile!"

Hakuna mbingu iliyoanguka. Akaita tena. "Ambindwile! Ambindwile, amka!"

Mzee akaketi. Aliona maji kulia, akaona maji kushoto. Kisha akamwona mkwewe, amesimama mbele yake majini, uso wazi. Na unajua alifanya nini? Alijifunika kofia usoni, akageuka, akampa mgongo.

"Baba, geuka!"

"Siwezi, mama! Uko mbele yangu!"

"Heshima yako nimeiweka miaka ishirini na minne!" Jenifer alipiga kelele, na sasa alikuwa amekasirika kweli. "Leo nipe uso!"

Alipofika juu ya fungu maji yalikuwa yameshapita vifundo vya miguu. Alimgeuzia mzee mgongo, akapiga magoti, kama anavyopiga magoti chini ya mzigo kila siku ya Mungu. "Panda."

"Mkwe hapandi..."

"Mimi ni mpagazi, baba. Mpagazi habagui mzigo. Panda!"

Mzee Ambindwile akapanda. Mikono yake mikavu ikamzunguka shingo, na Jenifer akainuka, na alipoinuka aligundua jambo ambalo lilimtia nguvu za ajabu: mzee alikuwa mwepesi. Yule mgeni wa pasi alikuwa na shanta zito kuliko huyu. Akaukita mti, akaingia mkondoni kwa ubavu.

Walikuwa katikati, maji yakimlamba kidevu, aliposikia sauti sikioni mwake. Yalikuwa maneno ya kwanza ambayo mkwewe alimwambia bila mtu wala kitu katikati.

"Nani alikufundisha jina langu?"

"Naliandika kila mwaka kwenye fomu zako za hospitali. Nyamaza, baba, natafuta chini."

Wimbi likaja likawapita vichwani wote wawili. Jenifer aliushika mti, hakuachia, akasubiri, likapita. Nyuma ya shingo yake akasikia mtu anatema, anakohoa, halafu anacheka. "Ni chumvi kweli!" mzee alisema. "Nilidhani wanatia chumvi maneno tu!" Jenifer hakuwa na pumzi ya kucheka. Hatua moja, nyingine, mguu unatafuta, mguu unangoja. Maji yakashuka kifuani. Yakashuka kiunoni. Akasikia vigelegele: akina mama wa samaki walikuwa wamekuja mbio ukingoni, visu bado mikononi, wakipiga vigelegele kama kwenye harusi. Mwanahalima alikuwa katikati yao na kikapu chake cha samaki kimeanguka chini.

Jenifer alitembea mpaka mchanga mkavu kabisa ndipo akapiga magoti kumshusha. Alitaka kufunika uso, khanga haikuwapo, ilikuwa imekwenda na maji. Mzee akazunguka akaja mbele yake, akachuchumaa, akamtazama. Alimtazama muda mrefu, kama mtu anayesoma barua.

"Kumbe una mwanya," alisema. "Basi Elina ameutoa kwako. Sisi tulibishana sana umetoka wapi." Kisha midomo yake ikaanza kucheza. "Ndaga fijo, mwanangu. Ndaga fijo."

Jenifer akaangua kilio pale mchangani, kilio cha furaha, na hakujali nani anamwona.

Jioni simu ililia kama kawaida. "Baba yupo?" Jenifer aliishika simu. Mzee aliyekuwa amekaa mbele yake, sahani moja katikati, akanyosha mkono na kuichukua. "Nimeoga baharini," alisema. "Maji ni ya vuguvugu." Akakata.

"Baba," Jenifer akasema, "ukifika nyumbani ukiulizwa?"

"Nikiulizwa nitasema."

Alikuwa mzee wa kanisa, na uongo hakuwahi kusema, hata ule mdogo wa kumsaidia mtu. Jenifer alilijua hilo vizuri. Siku zilizobaki walitembea pamoja, wakapanda pantoni kwenda na kurudi kwa ajili ya kuona meli zikipita tu, wakaongea habari za marehemu, ambaye hawakuwahi kumlilia pamoja, na walimlilia hapo, juu ya pantoni, kati ya pikipiki na mikungu ya ndizi. Jenifer alikuwa na furaha. Lakini kila alipofikiria Mpuguso alimsikia Amoni akigonga meza. Na kama hiyo haitoshi, gari moshi lilipoanza kupanda kurudi kwenye baridi ya Makambako, Mzee Ambindwile alipiga chafya. Akapiga ya pili. Walipofika Mbeya pua yake ilikuwa inachuruzika na machozi yanamlenga.

Amoni alikuwa amewaita watu wote. Wajomba walikuwapo, mashangazi walikuwapo, na hata majirani wawili wa kushuhudia. Mzee aliingia ndani akakaa kitini. Jenifer, kwa mazoea, alibaki nje chini ya dirisha na shanta lake mgongoni.

Mzee alipiga chafya tatu mfululizo.

"Mafua," Amoni alisema, na alikuwa karibu kutabasamu.

"Ninayo," mzee akakubali. "Tena makali."

"Na jambo lingine lilikupata huko?"

"Lilinipata. Nilizungukwa na maji ya bahari. Nilikuwa nife."

Chumba kikalipuka. Shangazi mmoja akashika kichwa. Amoni alisimama, akiinua mikono kutuliza watu, kama mtu ambaye kazi yake imekwisha. "Wote mmesikia," alisema. "Mafua, na kufa kidogo. Sina la kuongeza."

"Kaa chini, Amoni, sijamaliza." Mzee alipenga pua bila haraka. Kisha akawasimulia yote. Aliwasimulia fungu, usingizi, mkondo, mti wa kamba ya nguo. Alipofika kwenye jina lake, akalitamka kama lilivyoitwa, kwa sauti kubwa, mashangazi wakaziba midomo. Alipofika kwenye mgongo, mjomba mkubwa alisema, "Alikubeba? Mgongoni?"

"Mgongoni. Mikono yangu hapa, shingoni. Maji yalitupita vichwani na hakuniachia." Akamgeukia mwanawe. "Wewe, Amoni, masika ya juzi kijito hapa chini kilipojaa, ulimtuma nani kumfungua ndama wako?"

Wote walikumbuka. Alimtuma baba yake. Mjomba mkubwa akaanza kucheka, akajaribu kuficha kwa kikohozi, na hapo majirani nao hawakuweza kujizuia. Amoni alikaa.

"Basi sikilizeni," mzee akasema. "Sijui mila inasema nini kwa mkwe aliyebebwa mgongoni na mke wa mwanawe. Hakuna mzee aliyebaki wa kuniambia, kwa hiyo nasema mimi. Ile migomba ni ya huyu mama, na baada yake ni ya Elina. Kesho tunakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji iandikwe. Atakayeigusa ajue amenigusa mimi." Akageukia dirisha. "Jenifer! Unafanya nini huko nje? Ingia."

Alikuwa hajawahi kuitwa jina hilo na sauti ile mbele ya watu. Alivua shanta, akaliegemeza ukutani, akapita mlangoni. Hakujifunika. Watu walimpisha, na mzee akapigapiga kiti kilichokuwa karibu na chake, naye akakaa, mgongo umenyooka, uso juu.

Chakula kililetwa, sahani moja kubwa, ikawekwa mbele ya wawili hao. Mzee Ambindwile alitazama huku na huku.

"Amoni," alisema, "lete maji tunawe."

Amoni alikwenda akarudi na birika na beseni. Akammiminia baba yake. Kisha akasimama, birika mkononi, akimtazama mzee kama anayeuliza, na mzee akamwonyesha kwa kidevu. Amoni akainama mbele ya shemeji yake. Jenifer alikunja mikono ya blauzi, akanyosha mikono yote miwili juu ya beseni, akanawa polepole mpaka kwenye viwiko, na Amoni akamimina mpaka alipomaliza.